Ile filamu ya Bushmeni na chupa ya soda: mwisho aliitupa wapi?

#1 Kamongo Mkavu
Wakuu, mwangaluka.

Jumamosi mvua ilitufungia ndani mimi na binti yangu wa miaka tisa, nikamtafutia The Gods Must Be Crazy kwenye simu, ile ya Bushmeni anayetembea mpaka mwisho wa dunia kwenda kutupa chupa ya soda iliyodondoshwa na ndege. Nikamwambia kaa hapa uone picha tulizokuwa tunaangalia sisi. Tumecheka weee, tumefika mwisho, nikabaki mdomo wazi. Bushmeni anafika ukingoni mwa mlima, chini mawingu matupu, anairusha chupa, imekwisha.

Ziwa liko wapi?

Mimi niliiona 1994 Kirumba, Mwanza, banda la mabati jirani na Mwaloni. Kiingilio shilingi hamsini, ishirini ukikubali kukaa chini mbele ya mabenchi. Tivii inchi 14, nyeusi na nyeupe, imekalishwa juu ya kreti mbili za soda. Jenereta nje linanguruma, kwa hiyo mtafsiri alikuwa anapaza sauti mpaka mishipa ya shingo inamsimama. Namsikia mpaka leo: "Bushmeni amefika mwisho wa dunia, na mwisho wa dunia ni ziwa! Anaitupa ziwani! Chubwi!" Banda zima likaitikia chubwi.

Tangu siku hiyo kila nikienda kuoga ziwani nilikuwa naburuza miguu taratibu kwenye mchanga naitafuta. Siku moja nikakanyaga shingo ya chupa kweli, ikanichana unyayo, kovu ninalo. Nikaenda nyumbani nachechemea nimekishika kile kipande, namwambia mama nimeipata chupa ya Bushmeni. Akanichapa kwanza kwa kosa la kuoga ziwani, ndipo akanifunga kitambaa.

Maswali mawili. Nani mwingine aliona ziwa? Na kwa nini makomandoo wote wa mle bandani nimewasahau sura, ila yule mtu mwembamba na kipande chake cha ngozi kiunoni hajanitoka?

#2 Fundi Deki
Hakuna ziwa mkuu. Pale panaitwa God's Window, mashariki mwa Afrika Kusini. Ni ukingo wa milima, mawingu yanakaa chini yako. Filamu ya 1980, mwongozaji Jamie Uys. Ya pili ikaja 1989. Mtafsiri wenu aliwapiga kamba.

#3 Binti Nansio
Fundi usimkatishe mwenzio tamaa. Mimi sikuwa Kirumba, nilikuwa Nansio, Ukerewe, na huko pia ilitupwa ziwani. Nakumbuka kwa sababu tukiwa tunarudi nyumbani kaka yangu alisema upepo ukiwa mzuri wiki ijayo itafika Ukara.

#4 Sato Mbichi
Mmeruka swali la msingi. Chupa ya soda nzima, haina ufa, mtu anatembea nayo siku zote hizo akaitupe? Angepita kwa Mangi angepewa soda kwa bei ya wenye chupa. Mimi nilikuwa naumia kwa hilo tu. Kwetu chupa ikivunjika kesi inasubiri baba arudi.

#5 Mzee wa Karabai
Wanangu, mimi nimevua dagaa miaka ishirini na mbili, usiku nimelala ziwani kuliko nilivyolala kitandani kwangu. Niwaambie kitu.

Kuna asubuhi unazima karabai, kunapambazuka, na ukungu umekaa juu ya maji. Mweupe, tambarare, kama mtu ametandaza pamba. Huoni maji. Mgeni ukimsimamisha juu ya jiwe saa hiyo atakuambia haya ni mawingu. Sasa wewe chukua mawingu ya huyo Bushmeni, uyapitishe kwenye mkanda ulionakiliwa kutoka mkanda ulionakiliwa, uyaweke kwenye tivii nyeusi na nyeupe ya inchi 14. Mtoto wa Dodoma ataona vumbi. Mtoto wa Kirumba ameshaona ziwa kabla mtafsiri hajafungua mdomo. Na mtafsiri mwenyewe ni wa hapahapa, naye aliona ziwa. Hakumdanganya mtu.

#6 Dada Igogo
Shikamoo mzee. Ila hapo kwenye "wa hapahapa" naomba nikusahihishe. Kama ni banda ninalolijua mimi, mtafsiri alikuwa kaka mrefu mwenye jino la fedha, mtu wa Kigoma, na Kiingereza alikuwa hajui hata cha kuombea maji. Mama yangu alikuwa anauza mihogo ya kukaanga pale mlangoni. Siku moja akamwuliza, baba, wewe haya maneno unayatoa wapi? Akamjibu, "Mama, mimi natafsiri sura za watu."

Na kila siku hadithi ilikuwa nyingine. Jumatatu Bushmeni anamrudishia Mungu chupa yake. Jumatano anapeleka malalamiko kwa Rais. Kuna siku alisema ile ndege iliyodondosha chupa ilikuwa imetoka uwanja wa hapa Mwanza, watu wakapiga makofi.

#7 Kamongo Mkavu
Marahaba kwa niaba ya mzee, hajaitikia.

Dada Igogo, jino la fedha! Ndiye huyo huyo. Na mihogo ya mama yako nimekula, ile ya pilipili ya ndimu.

#8 Kipara Buzuruga
Samahani natoka nje ya mada kidogo. Kuna nyingine nakumbuka Bushmeni yumo, na kuna maiti ya Kichina imevaa joho, inarukaruka miguu yote miwili kwa pamoja kama mtu aliyefungwa kamba. Kila nikiisimulia nachekwa. Ipo au ilikuwa malaria?

#9 Sato Mbichi
Klorokwini hiyo mkuu. Ulipewa dozi ya mtu mzima.

#10 Fundi Deki
Ipo. Crazy Safari, 1991, ya Hong Kong. Yumo na Lam Ching-ying, yule bwana wa kufukuza mizuka. N!xau, yule aliyeigiza Bushmeni, alicheza nyingine tena hukohuko Hong Kong baada ya hiyo.

#11 Kipara Buzuruga
Asante Fundi. Mke wangu nimemwita asome mwenyewe. Sato njoo uombe radhi.

#12 Sato Mbichi
Radhi nimeomba. Klorokwini bado naishuku.

#13 Mtoto wa Mirongo
Kamongo, swali lako la pili ni jepesi. Yule alikuwa steringi mweusi wa kwanza kumwona asife. Mle bandani mweusi alikuwa akitokea tunahesabu dakika. Huyu kaanza mweusi, kamaliza mweusi, kasalimika, na bunduki hana.

#14 Kijiwe Pamba
Tuwe wakweli, steringi wa ile filamu ni yule Mzungu mtafiti mwenye gari bovu lisilo na breki, na yule mwalimu wa kike. Bushmeni amewekwa tuwacheke naye.

#15 Mtoto wa Mirongo
Hapo unasema iliyoandikwa kwenye karatasi. Bandani steringi ni yule ambaye akionekana watoto wanapiga miguu chini. Yule Mzungu jina lake mpaka leo silijui.

#16 Mjukuu wa Meatu
Nimesoma tangu juu, nikaandika, nikafuta, naandika tena.

Kamongo unauliza kwa nini hajakutoka. Mimi nitajibu kutoka upande wa pili wa benchi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa Bushmeni.

Nililetwa Mabatini kwa shangazi 1995, darasa la nne, kutoka Meatu. Bibi mzaa mama ni Mhadzabe wa upande wa Ziwa Eyasi, wale ambao watu wa kwetu wanawaita Watindiga. Kihadza chenyewe sikijui, nilikuwa na maneno kama sita hivi, ya asali na wanyama. Kosa langu nilimwonjesha rafiki mmoja maneno mawili. Wiki hiyohiyo banda likaonyesha mkanda ule. Jumatatu naingia darasani, benchi zima la nyuma wakaanza kugonga ulimi. Ko, ko, ko. Mpaka namaliza la saba jina langu likawa Bushmeni, hata mwalimu mmoja akiita mahudhurio anateleza.

Halafu zikaja chupa. Mtu akiokota chupa njiani ananiletea: shika, kaitupe. Wengine walikuwa wanaziweka chini ya dawati langu kabla sijaingia. Kuna Ijumaa nilikuta tisa.

Sato utafurahi. Nilizipeleka dukani, nikauza, nikalipia kiingilio. Ile filamu nimeiangalia mara kumi na moja kwa chupa walizonitupia.

Mle ndani giza, hakuna anayejua nipo. Na walewale wa kunigongea ulimi nilikuwa nawasikia wanamshangilia kuliko mtu yeyote. Akikamatwa kwa sababu ya yule mbuzi, akafungwa, mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kuona ukuta, banda lote kimya, jenereta tu. Kuna mmoja alikuwa analia waziwazi, kamasi zinamtoka. Kesho yake asubuhi huyohuyo: ko, ko, ko.

Hilo sijawahi kulielewa. Na sina uhakika kama nataka nielezwe.

#17 Kamongo Mkavu
Mkuu, usitaje shule. Mimi pia nilikuwa nagonga ulimi. Hakuwa wewe, alikuwa mtoto mmoja aliyetoka Ukara ana kigugumizi. Lakini nilikuwa nagonga.

#18 Binti Nansio
Mjukuu, pole sana kaka. Chupa tisa!

#19 Mwalimu wa Zamu
Naheshimu simulizi ya Mjukuu, ila niwahi jambo moja kabla halijasambaa, kwamba Wahadzabe na Wabushmeni ni ndugu kwa kuwa wote wanagonga ulimi. Sauti kufanana si undugu. Kihadza wataalamu wengi wanakiacha kisimame peke yake, ndugu yake hajapatikana. Kisandawe cha huko Kondoa na Chemba ndicho ambacho baadhi yao wanakihusisha na lugha za Kikhoe za kusini. Pwani ya Kenya nako kuna Kidahalo kinacho sauti hizo, na chenyewe ni cha ukoo mwingine kabisa.

N!xau alikuwa mtu wa jamii ya Ju/'hoansi, Tsumkwe, Namibia. Ile alama ya mshangao katikati ya jina ni sauti kamili. Sisi tuliosema Nikau tulimla kipande cha jina.

#20 Mjukuu wa Meatu
Sikusema ni ndugu mwalimu. Waliosema ni benchi la nyuma.

Ila umenikumbusha kitu kuhusu yule mtafsiri. Wazungu aliwatafsiri wote, majambazi aliwatafsiri, hata nyani aliwawekea maneno. Bushmeni akiongea yeye alikuwa ananyamaza. Anakunja mikono, anamwacha aseme mpaka amalize. Mara zote kumi na moja.

#21 Dada Igogo
Sasa angetafsiri nini, ndugu yangu, na huku alikuwa anasema lolote linalomjia? Labda hapo ndipo alipokuwa anapumzisha koo.

#22 Mzee wa Karabai
Marahaba binti. Nimechelewa, mtandao huku Igombe unakuja na upepo.

Kunyamaza huko mimi nakuelewa vingine. Mtu wa Kigoma aliyekuja Mwanza miaka ile, watu wanamcheka Kiswahili chake, anamwona mtu kwenye kioo anaongea lugha ambayo hakuna hata mmoja mle ndani anaielewa. Utamkatiza?

#23 Kijiwe Pamba
Naona machozi yanataka kutoka, ngoja niwaharibie shughuli.

Hiyo ni filamu ya Makaburu. 1980, ubaguzi wa rangi umepamba moto, Namibia yenyewe bado inatawaliwa na Pretoria. Ilitangazwa kama filamu ya Botswana, na kwa pasipoti hiyo ikapenya kwenye nchi zilizokuwa zimesusia bidhaa za Makaburu. Msimulizi anawaambia hawa watu hawajui kama kuna dunia nyingine, wanaishi bila mali wala ugomvi. Wakati huo Tsumkwe kuna ofisi ya serikali, kuna duka, na jeshi la Makaburu linaandikisha vijana wao kuwa askari. Kuna Mmarekani, John Marshall, aliyekaa nao miaka mingi. Kwenye filamu yake kuhusu mama mmoja anaitwa N!ai, nayo ya 1980, anaonyesha mpaka hao waigizaji wanavyopangwa mbele ya kamera na kuambiwa rudia.

Na sisi tulikuwa nchi ya mstari wa mbele. Morogoro tumewapa ANC ardhi Mazimbu na Dakawa. Halafu Kirumba tunalipa shilingi hamsini kumchekea mtu aliyevuliwa nguo na Kaburu.

#24 Mzee wa Karabai
Mwanangu hoja ni nzito, ila Kamongo kasema 1994. Mwaka huo Mandela alishaapishwa mwezi wa tano.

#25 Kijiwe Pamba
Hapo umenishika mzee. Lakini mkanda ulikuwa unazunguka mabandani kabla ya hapo.

#26 Dada Igogo
Na mwenye banda angejua yote hayo angepandisha kiingilio.

#27 Mtu wa Majita
Kuhusu malipo, kinachotajwa sana ni dola 300 kwa filamu ya kwanza, ingawa Uys mwenyewe alitoa maelezo yasiyolingana. Kwenye ya pili N!xau alikuwa ameshafumbuka macho, akadai za maana, akajijengea nyumba ya tofali kwao yenye umeme na maji. Amefariki Julai 2003. Alitoka nyumbani kwenda kutafuta kuni, hakurudi, wakamkuta. Umri wake kamili hata mwenyewe alikuwa haujui.

Na mwaka 2000 alibatizwa Msabato.

#28 Sato Mbichi
Nilikuwa najiuliza mtu wa Majita ametokea wapi kwenye uzi wa filamu. Kumbe amekuja kuchukua muumini wake.

#29 Mtu wa Majita
Karibu na wewe, Jumamosi. Ila Kamongo kuangalia picha siku ya Jumamosi hilo tutaliongea pembeni.

#30 Mapanki ya Moto
Kijiwe umesema kumvua mtu nguo mbele ya kamera, nikakumbuka yetu. Darwin's Nightmare, 2004, ya Hubert Sauper wa Austria. Ilipigwa hapahapa Mwanza. Ikafika mpaka kugombea Oscar, na 2006 Rais Kikwete akaikemea hadharani.

Shemeji yangu yuko Ubelgiji, aliiona ukumbini na wafanyakazi wenzake. Anasema taa zilipowashwa walikuwa wanamtazama kama amefiwa. Akanipigia usiku, anauliza kwa sauti ya chini, ni kweli huko mnakula mifupa? Nikamwambia ndiyo, ni mapanki, sangara akishatolewa minofu kiwandani linabaki fremu lake na kichwa, tunakaanga, na wewe mwaka juzi ulipokuja likizo ulikula sahani mbili ukaomba na kachumbari.

Sisemi kila alichoonyesha ni uongo. Mimi nimekaanga mapanki miaka sita, macho yananiwasha mpaka leo kwa moshi, najua kilichokuwepo. Lakini nilitaka nionekane hata mara moja nacheka. Siku ile nilimfikiria Bushmeni. Sijui ndugu zake walimpigia simu wakamwuliza nini.

#31 Kijiwe Pamba
Dada umegonga msumari. Na kama mnataka chupa iliyodondokea kwetu, ni huyohuyo sangara. Watu walimpandikiza ziwani tangu miaka ya 1950, furu, wale samaki wadogo wa asili, wakaliwa, kisha viwanda, kisha tukaanza kugombania kama walivyogombania chupa kule kijijini, mmoja anatwangia, mwingine anapulizia muziki, mwisho wanapigana nayo vichwani.

#32 Sato Mbichi
Profesa amepanda jukwaani. Mwenye kiti cha ziada asogeze.

#33 Mzee wa Karabai
Furu hawajaisha wote, wapo wanaojificha miambani, sisi wavuvi tunawaona. Na kabla ya dagaa mimi nilivua sangara. Nyumba yangu ni ya sangara, bati, saruji, mpaka kitasa. Sasa nikaitupe wapi?

#34 Fundi Deki
Nimerudi. Lile ziwa limeninyima usingizi, nisikilizeni kwa upande wa ufundi.

Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994. Kabla ya hapo deki, mashine ya kuchezesha mikanda ya video, ndiyo kila kitu, na deki nyingi za mabandani zilipita mezani kwangu Makoroboi. Kazi kubwa ilikuwa kusafisha hedi, kitambaa cha pamba na spiriti, kukicha zimejaa vumbi la dagaa. Wenye mabanda walikuwa wanabana, mkanda mmoja wa dakika 180 wanataka uingie picha mbili. Hii peke yake inakaribia saa mbili. Kwa hiyo picha ya pili kwenye mkanda inakatika kabla ya mwisho, na pale ilipokatika inatokea iliyorekodiwa zamani, chini yake.

Kuna mkanda mmoja naukumbuka, lebo imefutwa kwa kalamu mara tatu. Mwisho wake palitokea maharusi wanapiga picha pale Jiwe la Bismarck, maji nyuma yao yanameta. Sisemi ndio huo. Nasema mtafsiri akishatokewa na maji ghafla kwenye kioo, na watu wamelipa, atasema nini?

#35 Sato Mbichi
Kwa hiyo Bushmeni alitembea jangwa zima akatupa chupa harusini.

#36 Binti Nansio
Fundi inapendeza, ila haifiki Ukerewe. Kwetu hapakuwa na maharusi. Na kwetu hapakuwa na mtafsiri! Mwenye deki alikuwa anaweka mkanda anaenda kulala. Mimi niliona ziwa kwa macho yangu, hakuna aliyeniambia.

#37 Mtoto wa Mirongo
Labda mnachanganya na ya pili. Kule watoto wake wawili wanasombwa na lori la majangili lenye tangi la maji. Maji yamo.

#38 Fundi Deki
Tangi si ziwa. Ila ndiyo, hiyo ndiyo yenye nyegere anayeng'ang'ania kiatu cha jamaa, na mtoto anayejiwekea kipande cha mti kichwani ili fisi amwone mrefu. Watu wengi wanazichanganya.

#39 Abiria wa Zamani
Natoa langu. Mimi niliiona banda hilohilo la Kirumba, mtafsiri huyohuyo wa jino la fedha, lakini ilikuwa 1997, nimehamia kutoka Geita. Hapakuwa na ziwa. Alisema, "Mwisho wa dunia ni shimo." Akaishia hapo, taratibu, bila mbwembwe. Kuna mtoto mmoja mbele akadakia, "Si ziwa? Chubwi!" Mtafsiri akamwambia wewe nyamaza, kwa ukali ambao watu waligeuka.

#40 Dada Igogo
1997.

Wakuu, kati ya 1994 na 1997 kuna Mei 21, 1996. Banda lilikuwa limefungwa, sikumbuki siku ngapi. Mama hakukaanga mihogo, watu wote walikuwa wanashuka ziwani kusubiri. Baada ya meli ya MV Bukoba kuzama, nani Kirumba angeweza kusimama mbele ya watoto aseme kitu kinatupwa ziwani, na banda liitikie chubwi?

#41 Mzee wa Karabai
Hilo linawezekana.

#42 Fundi Deki
Au walinunua mkanda mpya unaofika mwisho. Naheshimu, ila na hilo linawezekana.

#43 Kamongo Mkavu
Mimi nilihama Kirumba mapema 1996, mwezi wa pili, baba alihamishiwa Shinyanga. Hilo shimo sikuwahi kulisikia. Nimelisoma mara tatu hapa.

Nimemwuliza binti yangu, yeye aliyeiona kwenye simu, rangi zote, kila kitu wazi. Nikamwambia chupa ilienda wapi? Akasema, "Imeanguka kwa watu wengine wa chini." Sasa anataka sehemu ya pili, ya hao watu wa chini. Nimemwambia haipo. Hanielewi.

#44 Dereva wa Kamanga
Nimechelewa uzi. Kaka mrefu, jino la fedha, mtu wa Kigoma? Kama ni huyo, yupo. Amezeeka, anaita abiria stendi ya Nyegezi, gari za Sengerema. Sauti ileile, hahitaji kipaza. Ijumaa napita pale, nitamwuliza. Mnataka nimwulize nini hasa?

#45 Kamongo Mkavu
Mwulize ziwa alilitoa wapi.

#46 Mjukuu wa Meatu
Mwulize kwa nini alikuwa ananyamaza.

#47 Mwalimu wa Zamu
Kwa faida ya wote, mwulize kama Kiingereza anajua.

#48 Dada Igogo
Mwambie mtoto wa mama mihogo anamsalimia, na daftari bado tunalo. Vipande kumi na nne, na pilipili.